Mwenye Siri Atoke Nje

Nyinyi mnaosoma haya mkiwa katika nchi zenye milango, nawaonea huruma. Mlango ndio chanzo cha umbea. Penye mlango pana tundu la ufunguo, na penye tundu halikosekani jicho. Sisi wa Jamhuri ya Shwarini tuliliona hilo mapema. Sheria ya Faragha ilipopitishwa, Chuo cha Stadi cha Ng'ambo ya Reli kiling'oa milango yote ya mabweni, ya bafu na ya vyoo, na tangu siku hiyo hajakamatwa mtu hata mmoja akichungulia. Takwimu zipo. Waziri alikuja kuzisoma mwenyewe, akapigiwa makofi, na jukwaa alilosimama lilitengenezwa kwa milango ileile.

Nawaeleza haya kwa sababu kuna watu wana midomo. Wamezusha kwamba chuoni kwetu mwanachuo hana haki. Nani kasema? Mimi nimekaa pale miaka thelathini na moja nikiwa Karani wa Faragha, funguo kumi na saba kiunoni, hata wanachuo wakaniita Mzee Funguo, na nasema bila kuuma maneno kwamba hakuna nchi inayolinda siri za watoto wa watu kama yetu. Kama kuna aliyeumia, aliumia kwa kulindwa.

Chukueni Kanuni za Mwenendo wa Mwanachuo. Kitabu kina kurasa mia nne na kumi na mbili, na hakuna mwanachuo aliyewahi kupewa nakala. Watu wakauliza kwa nini. Jibu ni rahisi. Ili kukataza ovu lazima ulitaje, na waandishi wa Kanuni walikuwa watu makini, walitaja kila kitu. Mkuu wa Chuo alisema kijana akikisoma kitabu kile atajifunza maovu arobaini ambayo hajawahi kuyasikia kwao. Kwa hiyo mwanachuo akifika siku ya kwanza anatia sahihi kwamba amekisoma, amekielewa na amefurahi, kisha kitabu kinarudishwa kabatini salama.

Simu nazo zilikabidhiwa kila jioni kwa Kamati ya Kulinda Mazungumzo, nayo ilisoma ujumbe wote ili asije akausoma mtu mwingine. Mara nyingine kamati iliwajibia wanachuo wapenzi wao kabisa, kwa lugha ya staha. Ndoa mbili zimepatikana hivyo, na moja bado ipo.

Lakini pambo la chuo lilikuwa Gwaride la Faragha. Kila Ijumaa saa mbili asubuhi, siri za wiki zilisomwa mbele ya chuo kizima. Msishtuke, fikirini kidogo. Mtu atatunzaje siri asiyoijua? Ukimkataza asimseme Fulani, naye hajui Fulani kafanya nini, si ataropoka kwa bahati mbaya? Basi kila mmoja aliambiwa: walimu, wanachuo, mpishi, mlinzi, hata muuza karanga wa getini aliyekuwa akialikwa kwa barua. Kisha wote walikula kiapo cha kunyamaza. Mwenye siri peke yake ndiye aliyetolewa nje, asije akaona haya. Alipelekwa nyuma ya karakana ya useremala, akakalishwa kwenye benchi, akatiwa pamba masikioni. Aliporudi, watu mia sita walimtazama kwa macho ya upole na hakuna aliyemwambia neno. Nani kwenu analindwa namna hiyo?

*

Kazi yangu ilikuwa majalada. Naomba hapa mnisikilize vizuri, maana ndipo mambo yalipoharibika.

Kifungu cha kwanza cha Sheria ya Faragha kinasema jalada halitakuwa na jina wala namba juu yake, na ndani yake mtu ataitwa Mhusika, basi. Tarehe nayo ifunikwe kwa kipande cha karatasi kilichobandikwa. Kifungu cha pili kinasema Karani wa Faragha hatalitazama jalada analolishika. Mimi sheria naiheshimu. Nilikuwa nafungua masjala, ambayo ndiyo iliyobakiwa na mlango, tena wa chuma, nafumba macho pale kizingitini, naingia kwa kupapasa, nachukua jalada, natoka nalo, ndipo nafumbua. Miaka mitatu ya mwanzo nilijigonga sana. Baadaye mwili ulizoea.

Niliyajua majalada kwa vidole na pua. Ya useremala yana vumbi la mbao, ya ushonaji yana vipande vya nyuzi, ya umeme yameungua pembeni, ya ufundi bomba yananuka grisi na katani ile wanayoifunga kwenye nyuzi, ile mikato ya kuzungushia kwenye ncha ya bomba, lisivuje. Katika kila fani, la karibuni nililiweka kushoto kabisa na la zamani kulia kabisa. Sikukosea hata mara moja. Yaani sikuwahi kuambiwa kwamba nimekosea, na ukiwa mtumishi wa serikali hayo ni mamoja.

Mwaka huu, mwaka wa arobaini wa uhuru wa Shwarini, mvua ya Machi ilivuja masjala. Wakaja vijana wa usafi wakaligeuza kabati la ufundi bomba ili lisilowe. Kushoto kukawa kulia. Hakuna aliyeniambia, kwa sababu mpangilio wa kabati ni siri, na mimi sikuona, kwa sababu nilikuwa nimefumba macho.

*

Sasa nimlete Sikudhani Mpelembe. Alikuwa mwanachuo wa mwaka wa mwisho, fani ya ufundi bomba, msichana mfupi mwenye viganja vigumu na ulimi mwepesi. Kwao ni Kisimachuma, mbali huko, ambako mama yake ni mkunga wa kituo cha afya. Kituo kile kilitandikwa mabomba miaka mitatu nyuma, Waziri akakata utepe, picha zikatoka, kisha ikagundulika kwamba hakuna fundi wa kuyaunganisha na tangi. Mabomba yakabaki ukutani yakipigwa rangi kila mwaka, na wanawake wakaendelea kujifungulia kwa maji ya ndoo. Wilaya ikamwahidi Sikudhani nafasi ile ya fundi: afike na cheti mkononi kabla ya tarehe mosi Julai. Asipofika, nafasi inafutwa, maana nafasi ikikaa wazi miaka mitatu serikali inaamini kwamba haihitajiki. Alikuwa amebakiza mtihani wa vitendo tu.

Wiki tatu kabla ya mtihani, Sikudhani alicheka. Alikuwa peke yake chini ya sinki la karakana, akihangaika na kiungo kilichovuja siku mbili, na kilipokubali akacheka kwa sauti. Kanuni ya kumi na saba inakataza mwanachuo kucheka peke yake, kwa sababu anayecheka peke yake ana jambo ambalo wenzake hawalijui. Akaripotiwa. Mama Restituta, Mshauri wa Wanachuo, akaagiza jalada lake ili lisomwe gwarideni.

Mama Restituta mmjue kidogo. Kanuni zote kichwani, ukurasa kwa ukurasa. Hapendi mtu, hachukii mtu, anapenda Kanuni. Wanachuo walimwogopa kuliko malaria. Nikaenda masjala, nikafumba macho, nikanusa grisi, nikavuta la kushoto kabisa, nikamkabidhi.

Ijumaa ikafika. Sikudhani akatolewa nje, akatiwa pamba. Mama Restituta akapanda jukwaani, akavaa miwani, akasoma.

Akasoma kwamba Mhusika, mwanachuo wa ufundi bomba, siku ya mtihani wa vitendo alijificha ndani ya tangi tupu la bweni la pili ili asifanye mtihani. Kwamba alikutwa humo kesho yake, amelala, na maandazi kumi na manne ya jikoni pembeni. Kwamba mtihani alifanyiwa na mwanachuo mwenzake aliyevaa namba yake kifuani, na mwenzake huyo akafaulu vizuri sana. Kwamba uongozi, baada ya kutafakari, uliona kulitangaza jambo hilo ni kuvunja faragha ya Mhusika, basi akapewa cheti na jalada likafungwa.

Watu wakaguna. Mtihani wa mwaka huu ulikuwa bado haujafanyika, lakini hakuna aliyekumbuka hilo. Ukisomewa kitu kwenye karatasi yenye muhuri hufikirii tarehe.

Mimi nikashika nguzo. Kila neno lililosomwa nililifahamu, hata maandazi nilijua yalikuwa na iliki.

Kisha Mkuu wa Chuo akasimama. Anaitwa Dakta Fundi Mkuu Zephania Lukwaro, na vyeo hivyo vyote hutajwa, hata anapoitwa kula. Alihutubia dakika arobaini. Alisema Taifa linavuja kwa sababu ya watu wa namna hii. Alisema mtu aliyefanyiwa mtihani ni bomba lisilo na maji, limenyooka, linang'aa, na ndani upepo mtupu. Alisema mtu huyo hastahili kushika hata koleo. Nilimtazama kwa makini wakati wote huo, na hakutingisha hata ukope. Nikajiambia, ama huyu bwana amesahau, ama ni kiongozi kweli kweli.

Maana jalada lile lilikuwa lake.

*

Uamuzi ukatoka siku hiyohiyo: Sikudhani asifanye mtihani mpaka ajitetee mbele ya Baraza la Nidhamu, na asipojitetea vya kutosha afukuzwe. Barua aliyopewa ilikuwa na mistari miwili na nafasi kubwa nyeupe katikati, mahali pa kosa, kwa ajili ya kulinda faragha yake.

Jumatatu akaja masjala. Alisimama pale kizingitini akaniamkia, nikaitikia marahaba, kisha akauliza, "Mzee, nimefanya nini?"

Nikamweleza utaratibu. Ile ilikuwa siri yake, na siri haiambiwi mwenyewe. Akasema chuo kizima kinaijua. Mpishi alimwongezea vipande viwili vya nyama bila kumtazama usoni. Muuza karanga alimwambia, pole mwanangu, kila mtu huteleza. Wasichana wenzake waliacha kulala karibu naye, kisha wakarudi, kisha wakaacha tena. "Nijitetee dhidi ya nini, mzee? Nikane nini?" Nikamshauri ajitetee kwa ujumla.

Haya mimi nayasema leo kwa aibu. Siku ile niliyasema kwa sauti ya ofisini. Ningeweza kumaliza jambo lote kwa sentensi moja, na sentensi yenyewe nilikuwa nayo mdomoni, lakini nilimeza mate na sentensi ikashuka nayo. Nilikuwa na mwaka mmoja kufikia kustaafu. Nilikuwa na funguo zangu.

Sikudhani akauliza kama kuna fomu. Swali la fomu huwa silikwepi, ndiyo kazi yangu. Nikamtolea Fomu F tisa, Ridhaa ya Mwenye Siri. Mwenye siri anaweza kumruhusu mtu yeyote aone jalada lake, isipokuwa yeye mwenyewe. Katika miaka yangu yote hakuna aliyewahi kuijaza, kwa kuwa haikuwa na haja, kila mtu alikuwa ameshaona. Sikudhani akaandika jina la mama yake. Palipoulizwa ni taarifa zipi, akaandika kwa herufi kubwa: ZOTE. Nikapiga muhuri.

*

Mama mtu aliwasili asubuhi ya kikao, siku mbili kabla ya mtihani. Bi. Zamoyoni. Viatu vyeupe vya wauguzi, mkoba begani, na sauti ya chini ya mtu aliyezoea kuwaamuru wanawake wenye uchungu na kutiiwa. Alimshika binti yake bega, akamtazama, akamwambia neno moja ambalo sikulisikia. Kisha Sikudhani akapelekwa nyuma ya karakana ya useremala na pamba zake.

Baraza lilikuwa na wajumbe saba, wote walimu, na Mkuu ndiye mwenyekiti. Mimi nilikaa pembeni na funguo, kama desturi. Mama Restituta akasoma jalada lote tena kwa ajili ya mgeni. Bi. Zamoyoni alisikiliza mpaka mwisho bila kubadilika uso. Kisha akauliza mtihani huo ulifanyika lini.

Mkuu akasema tarehe imefunikwa, ni taarifa binafsi.

Bi. Zamoyoni akaelekeza kidole kwenye fomu. Zote, alisema, zimeandikwa zote. Mkuu akamtazama Mama Restituta kwa jicho la kuomba msaada, lakini Mama Restituta alikwisha kuanza kukibandua kile kikaratasi kwa ukucha. Fomu ilikuwa na muhuri, angefanyaje? Akasoma: tarehe kumi na nne Mei, mwaka wa tisa wa uhuru.

"Mwanangu alizaliwa mwaka wa kumi na tisa," alisema Bi. Zamoyoni. "Jumapili, saa kumi alasiri. Nilikuwepo."

Wajumbe wakaanza kuhesabu kwa vidole chini ya meza. Mmoja alipendekeza kwamba pengine ni utovu wa nidhamu wa kurithi. Mwingine akasema kuna vijana wanaoanza mapema. Lakini hata wao hawakuyaamini maneno yao. Mkuu akachomoa leso. Nikamwona anamkumbuka mtu fulani ndani ya tangi, polepole, kuanzia maandazi.

Lakini mkubwa ni mkubwa. Aliifuta shingo, akajiweka sawa kwenye kiti, na akatoa hoja ambayo sasa inafundishwa wizarani. Alisema Baraza linatambua tofauti ndogo ya tarehe. Hata hivyo siri hii imekwisha kusomwa hadharani. "Siri ikisomwa ikakosa mwenyewe, inakuwa uvumi," alisema, "na serikali haisomi uvumi." Kwa hiyo itaundwa tume ya kumtafuta mwenyewe halisi, itafanya kazi kwa miaka mitatu, na katika kipindi hicho Sikudhani ataishika siri hiyo kwa muda, kwa niaba ya Taifa. Mtihani atafanya tume ikimaliza. Wajumbe wakapumua, wakaanza kuitikia kwa vichwa. Lilikuwa jambo la busara, halikumuumiza mtu yeyote aliyekuwa mle chumbani.

Bi. Zamoyoni hakupaza sauti. Aliwaambia tarehe mosi Julai ni wiki mbili, na wanawake wake hawazai kwa tume. Aliwaeleza juu ya mwezi uliopita, jinsi alivyompokea mtoto saa nane mchana ndoo zikiwa tupu, akanawa mikono kwa chai ya rangi iliyopoa, kwa kuwa ndiyo maji pekee yaliyochemshwa mle ndani. Mtoto alipona. Mama yake alipata homa, akazikwa siku ya sita. Mabomba yalikuwa palepale ukutani, yamepakwa rangi ya buluu. Mjumbe mmoja akakohoa, akaandika kitu.

Halafu akauliza nani hutoa majalada. Wakanioneshea kidole. Akauliza imekuwaje nikatoa la mtu mwingine. Nikamweleza kwamba kwa mujibu wa kifungu cha pili huwa nafumba macho. Nilitegemea acheke, au atukane. Alinitazama tu, kama anavyomtazama mtu aliyechoka kusukuma.

"Basi fumbua, baba," alisema. "Tuambie ni la nani."

*

Siri ya mtungi iulize kata. Mimi ndiye kata.

Niwaambie ilivyokuwa. Mwaka wa tisa mimi na Zephania tulilala kitanda cha juu na cha chini. Yeye mtoto wa Mkuu wa Mkoa, mimi mtoto wa watu. Usiku wa mitihani hakulala, alikuwa akitetemeka, na kulipokucha alinipa namba yake ya kifuani akaniambia, nifanyie, sitakusahau. Tulipangwa makundi mawili, viwanja viwili, saa ileile moja. Nikaingia kwenye kundi lake. Nilifunga bomba za chuma, nikakata nyuzi, nikafunga katani, tone halikudondoka. Msimamizi alinipigia makofi kwa jina la mtu mwingine. Na kule kiwanja cha pili jina langu liliitwa mara tatu, nikalisikia, na sikuitikia. Zephania alitimiza ahadi, hakunisahau. Aliporudi chuoni kuwa mkubwa akaniongezea funguo saba.

Nikasimama. Funguo zikalia kiunoni, nikazifungua kwenye mkanda nikaziweka mezani, si kwa ujasiri, zilikuwa zinanizuia kupumua.

"Jalada ni la Mkuu wa Chuo," nilisema. "Mtihani niliufanya mimi."

Mkuu alifungua kinywa, na kwa mara ya kwanza tangu nimfahamu hakukuwa na hotuba ndani yake. Kisha akasema kwa sauti ndogo kwamba karani huyu ni mzee, amejigonga sana kichwa masjala, mambo ndiyo hayo.

Hapo ndipo Mama Restituta alipovua miwani. Nilidhani ananigeukia mimi. Akafungua Kanuni ukurasa wa mia mbili na kumi, akasoma: siri ikishajulikana mwenyewe, mwenyewe atolewe nje kabla ya shughuli kuendelea. Akavuta droo, akatoa pamba.

Mkuu akamkumbusha kwamba yeye ni mwenyekiti. Mama Restituta akapekua mbele, akapekua nyuma, akasema Kanuni hazimtaji mwenyekiti. Akamwonesha na sahihi iliyo chini ya ukurasa, ambayo ni ya Mkuu mwenyewe. Wajumbe walitazama dari. Mkuu akasimama, akafunga kifungo cha koti, akatutangazia kwamba anatoka kwa hiari yake na kwa maslahi ya Taifa, na Mama Restituta akamtia pamba sikio la kulia, kisha la kushoto, taratibu, kama anavyowatia wanachuo wote.

Kupitia dirishani nilimwona akifika kwenye benchi. Sikudhani, asiyesikia kitu wala kujua kitu, alimwona mkubwa wake amesimama na pamba masikioni. Akasogea, akampa nafasi.

Sikudhani akaitwa ndani, akatolewa pamba, akaambiwa shauri lake halipo, na keshokutwa aende mtihani. Akatutazama mmoja mmoja. Akauliza, kwani alikuwa amefanya nini? Wajumbe wakatazamana, na Mama Restituta ikambidi ajibu kwamba hilo haliwezekani kusemwa, kwa sababu sasa ni siri ya mtu mwingine. Mama yake akamshika mkono wakatoka. Walipofika getini nilisikia Sikudhani akicheka, naye alikuwa na mwenzake, kwa hiyo hakuna kanuni iliyovunjwa.

Mkuu alisahaulika kwenye benchi mpaka saa tisa. Hakuna aliyekuwa na mamlaka ya kumwambia arudi.

*

Msidhani Shwarini haina haki. Wiki hiyohiyo Wizara ilichukua hatua kali. Dakta Fundi Mkuu Zephania Lukwaro aliondolewa chuoni na kuteuliwa Mlinzi Mkuu wa Faragha wa Taifa, kwa kuwa ndiye raia pekee wa ngazi ya juu aliyewahi kulindwa kwa sheria hiyo na akajua inavyouma. Gari lake lina vioo vyeusi. Jalada lake limechomwa moto kwa heshima zote, mbele ya waandishi wa habari, ambao walifumba macho. Kabati la ufundi bomba limerudishwa lilivyokuwa, na kushoto kumekuwa kushoto tena.

Mimi nilifukuzwa kazi kwa kosa la kutaja. Sikubisha, nimetaja kweli. Lakini nilipokwenda kukabidhi sare, Mama Restituta alikuwa amenisubiri na kitabu chake wazi. Aliniuliza kama mwaka wa tisa nilifeli mtihani au nilikosa kuufanya. Nikasema nilikosa. Akanisomea kanuni ya mia tatu na sita: mwanachuo aliyekosa mtihani kwa sababu maalumu ataruhusiwa kuufanya sababu hiyo itakapokwisha. Akauliza sababu yangu imekwisha lini. Nikafikiri, nikasema, Jumanne. Akaandika Jumanne, akanipa namba ya kifuani.

Alhamisi nikasimama kiwanjani na vijana ishirini na watatu, mimi na mvi zangu, Sikudhani mkono wa kulia. Msimamizi alitoka mkoani, hakuwa akimfahamu mtu. Akapita na orodha akituuliza majina. Aliponifikia nikasema Mikidadi Saidi Lipangile, nikalisema kwa nguvu mno, mpaka vijana wakageuka, maana miaka yote walidhani jina langu ni Funguo. Kisha filimbi ikapulizwa.

Sikudhani alimaliza wa kwanza. Maji yakaingia, yakazunguka, yakatoka panapotakiwa, na msimamizi alipitisha kiganja kikavu kwenye kila kiungo akakirudisha kikiwa kikavu. Cheti alipewa tarehe ishirini na nne Juni, na tarehe ishirini na sita alikuwa Kisimachuma. Bi. Zamoyoni ameniandikia barua. Anasema siku ile bomba la wodi lilipofunguliwa lilitema kutu kwanza, kisha buluu ya rangi, kisha maji, na kwamba alisimama akanawa mikono mpaka wakamwambia inatosha.

Mimi sikujua kwamba bomba za siku hizi ni za plastiki. Nilitafuta pa kukata nyuzi, hapakuwepo. Nilikuwa nimefunga katani kama tulivyofundishwa, na msimamizi alipofungulia maji, kiungo cha kwanza kilitoka, cha pili kikafuata, na mimi nikalowa kuanzia kichwani mpaka kwenye soksi. Matokeo yakabandikwa ubaoni, mahali ambapo kila mtu anayaona. Nilikwenda kuyasoma macho yangu yakiwa wazi. Namba ishirini na nne, Lipangile, Mikidadi Saidi: amefeli. Nilisimama pale muda mrefu, nikilisoma jina langu. Nimefeli mimi mwenyewe, hakuna aliyenisaidia.